Mashine Inapumulia Wapi?

Masikio yako wapi? Yapo hapa.
Miguu je? Ikunjeni, tukae. Tunakwenda Tukuyu, kwa hiyo kila mtu ashike mwavuli wake.

Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha. Ilinyesha juzi. Ilinyesha jana. Na leo tena, cho, cho, cho, juu ya bati.

Tumpe alisimama mlangoni, akaitazama kamba ya nguo. Nguo zilining'inia zimechoka, zinadondosha maji. Do, do, do.

Nyingi zilikuwa nepi. Zote za mdogo wake, Ipyana, mtoto asiye na jino hata moja, lakini mkojo anao wa kutosha nyumba nzima.

"Zilete ndani," alisema Mama. "Tuzitie kwenye mashine."

Mashine ya kukaushia nguo ilikaa kwenye kona ya stoo. Ukiiwasha, pipa lake linazunguka na hewa ya moto inazipuliza nguo. Vururu, vururu, vururu.

Mama akatia nepi. Akafunga mlango. Akabonyeza.

Vururu, vururu, vuru…
Kah.

"Mama, imenyamaza," alisema Tumpe.

"Nimesikia," alisema Mama. Akabonyeza tena. Kimya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana shida yenyewe ndiyo hii. Nyumba nzima ilibaki na nepi kavu moja. Moja tu. Na hiyo moja alikuwa ameivaa Ipyana.

Mama akamtazama Ipyana. Bibi akamtazama Ipyana. Tumpe akamsogelea, akamnong'oneza sikioni.

"Usikojoe," alimwambia. "Tafadhali. Jikaze kidogo."

Ipyana akacheka, akaanza kunyonya kidole.

Mama akajaribu pasi. Psss, nepi ikatoa mvuke. Lakini nepi za Ipyana ni nene, na ndani ilibaki mbichi.

Mama akajaribu jiko la mkaa. Moshi ukajaa chumba kizima. Ipyana akakohoa, koh, koh, koh. Mama akalitoa jiko nje haraka.

"Mpigieni fundi," alisema Bibi.

Mama akampigia fundi. Fundi akasema barabara ni tope tupu, atakuja Jumamosi.

"Leo ni Jumatano," alisema Tumpe. "Nauliza tu. Ipyana atasubiri kukojoa mpaka Jumamosi?"

"Huyo?" alisema Bibi. "Huyo hasubiri hata uji upoe."

Mama akavuta droo. Akatoa bisibisi. Akatoa tochi.
"Basi tutaitengeneza wenyewe," alisema.

Tumpe akanyoosha mkono kuigusa mashine. Mama akaudaka mkono ule hewani.

"Umeme hauna urafiki, mwanangu. Mkono unagusa mwisho. Sema baada yangu."

Mama akasema, na Tumpe akasema. Nanyi semeni:

Zima. Chomoa. Subiri.
Ndipo mkono uguse.

Mama akaizima mashine. Akachomoa plagi. Kwenye tundu lile lile la umeme akachomeka redio. Redio ikaimba.

"Umeme upo," alisema Mama. "Ugonjwa uko kwenye mashine yenyewe."

Akachomoa chujio, lile linalonasa manyoya ya nguo. Lilikuwa safi. Mama hulisafisha kila akikausha nguo.

Wakairudisha plagi ya mashine. Mama akabonyeza.

Vururu, vururu, vuru…
Kah.

Tumpe akageuka kumtazama Ipyana. Bado mkavu. Lakini mpaka lini?

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Baba Gwantwa, jirani yao. Bati lake linavuja, na alikuja kuazima ngazi.

"Shikamoo, Baba Gwantwa," alisema Tumpe.

"Marahaba, mama. Na bisibisi hiyo ya nini?"

"Tunatengeneza mashine."

Baba Gwantwa akacheka. Alicheka kicheko kirefu, mpaka mwavuli wake ukatikisika. "Mama Tumpe, mashine ni kazi ya wanaume. Mtaiua hiyo, mje mlie."

Masikio ya Tumpe yakawaka moto. Lakini mtu mzima hajibiwi ovyo. Tumpe akaweka mikono nyuma, akasimama wima.

"Samahani, Baba Gwantwa. Nauliza tu. Na nepi ni kazi ya nani?"

Baba Gwantwa akautua mwavuli wake.
"Nepi," alisema. "Nepi ni… nepi."

Bibi akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

"Basi tusaidie upande huo," alisema Mama, akampakatisha Ipyana. "Hiyo aliyovaa ndiyo kavu ya mwisho. Ukimwona anakunja uso, sema."

Baba Gwantwa akamshika Ipyana mbali na kifua, kama mtu aliyebeba chungu cha mchuzi wa moto.

Tumpe akairudia mashine.

Zima. Imezimwa.
Chomoa. Imechomolewa.
Subiri. Akasubiri kidogo.
Ndipo mkono ukagusa.

"Mama," alisema. "Mashine ina homa."

Mama akagusa ubavu wa mashine. "Kweli. Imepata joto kupita kiasi. Mashine hii ikizidiwa na joto hujizima yenyewe, isije ikaungua."

"Imezidiwa na nini?"

"Hewa yake, nadhani. Haipiti vizuri."

Tumpe akafikiri. Akabana pua yake kwa vidole. Akafunga mdomo. Akakaa hivyo, akakaa hivyo, mpaka uso ukawaka. Phuuu, akaachia.

"Mama, mashine inapumulia wapi?"

Mama akamtazama. Akaitazama mashine.
"Nyuma," alisema polepole. "Ina matundu nyuma."

Mashine ilikuwa imesogezwa mpaka ukutani. Wakaivuta, kruuu. Wakaivuta tena, kruuu. Tumpe akamulika tochi.

Nyuma ya mashine hakuona matundu. Aliona maua.

Maua meupe. Maua mekundu. Yote yamefumwa kwa uzi.

Hapa lazima niwaeleze. Katika nyumba hiyo, kila kitu cha thamani kilivishwa kitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa. Friji lilikuwa na kitambaa. Viti vilikuwa na vitambaa migongoni.

Vyote alivifuma Bibi. Na cha mashine kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Alikifuma msimu mzima wa mvua, na msimu wa mvua wa Tukuyu mnaujua, hauna haraka.

Kitambaa kilikuwa kimeteleza nyuma. Mashine iliposogezwa ukutani, ukuta ukakibana. Kikanata kwenye matundu, kikatulia hapo.

Tumpe akamtazama Mama. Mama akamtazama Tumpe.
Nani atamwambia Bibi?

"Mmeona nini huko?" aliuliza Bibi.

Tumpe akazima tochi. "Bibi, kitambaa chako ni kizuri sana."

"Najua," alisema Bibi.

"Ni kizuri. Lakini kimeiziba mashine pua."

Bibi akakunja mikono. "Mnataka nikivue? Mashine ikae uchi? Mgeni akiingia aseme nini, kwamba humu ndani hamna mwanamke wa kufuma?"

Bibi akikasirika, hata kuku hutoka uani. Lakini nepi ilikuwa moja tu.

"Bibi, nauliza tu," alisema Tumpe taratibu. "Wewe ukijitanda kanga, unajitanda mpaka puani?"

Bibi akaigusa kanga yake shingoni. Juu ya bati mvua iliendelea, cho, cho, cho.

"Anakunja uso," alisema Baba Gwantwa.

Wote wakageuka.

"Mama Tumpe, mtoto anakunja uso."

Ipyana akakunja uso. Akaukunjua. Akatabasamu.
Shwaaa.

Baba Gwantwa akalitazama shati lake. "Amemaliza," alisema.

Sasa hapakuwa na nepi kavu hata moja.

Mama akamvua Ipyana nepi. Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akamzungushia. Lakini kanga ni nyepesi, na baridi ya Tukuyu haimwonei mtu haya. Ipyana akatetemeka. Akalia, ngaa, ngaa, ngaa.

Bibi akasikia kile kilio. Akainuka.

Akaenda nyuma ya mashine. Akainama. Akakishika kitambaa chake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akakivuta. Fap!

"Haya, pumua," akaiambia mashine. "Pumua, na usiniaibishe."

Mama akashika bisibisi. Krii, krii, krii. Kila skrubu ikitoka, Tumpe aliipokea na kuiweka kwenye kifuniko cha sufuria. Ting.

Mama akabandua bati la nyuma. Ndani, manyoya ya nguo yalikuwa yamejazana kama kiota cha ndege. Hewa ingepita wapi?

Mama akayatoa kwa mkono. Tumpe akasugua matundu kwa mswaki wa zamani, kwichi, kwichi. Pua ya mashine ikafunguka.

"Washeni sasa," alisema Baba Gwantwa, akimbembeleza Ipyana huku na huku. "Mtoto ana baridi."

"Bado," alisema Tumpe. "Bado ina homa."

Zima. Chomoa. Subiri.

Na hakuna kazi ngumu kama kusubiri wakati mtoto analia. Ngaa, ngaa, ngaa.

Tumpe aliweka kiganja. Moto. Akatoa.
Ngaa, ngaa.

Mama akafungua mlango wa mashine, joto litoke. Bibi akaleta ungo. Akasimama nyuma ya mashine, akaipepea kama anapepeta mchele. Pe, pe, pe, pe.

Tumpe akaweka kiganja. Vuguvugu.
Ngaa, ngaa.

Pe, pe, pe, pe.

Tumpe akaweka kiganja. Baridi.
"Homa imeshuka," alisema.

Mama akarudisha bati la nyuma. Akakaza skrubu zote, na kifuniko cha sufuria kikabaki kitupu. Akakausha mikono yake vizuri. Akachomeka plagi.

"Bonyeza wewe," akamwambia Tumpe.

Tumpe akabonyeza.

Kimya.

Tumpe alitaka kulia. Hata Ipyana akageuka, akamtazama.

"Mlango," alisema Bibi. "Hamjafunga mlango."

Mama akafunga mlango wa mashine, tap. Tumpe akabonyeza tena.

Vururu, vururu, vuru…

Wote wakashika pumzi.

…ru, vururu, vururu, vururu, vururu.

Haikunyamaza. Ilipita pale ilipokuwa ikifia. Ikaendelea, ikaendelea. Tumpe akaweka mkono karibu na matundu. Hewa ya moto ikampuliza vidoleni.

"Inapumua," alisema.

Mama akakaa chini, palepale sakafuni, akacheka peke yake.

Nepi ya kwanza ilitoka ina joto kama chapati. Mama akamvika Ipyana. Ipyana akashusha pumzi ndefu. Kilio kikaisha.

Baba Gwantwa akachukua ngazi aliyokuja kuazima. Akafika mlangoni. Akarudi.

"Tumpe," alisema kwa sauti ndogo. "Friji letu nalo linanguruma kutwa. Na nyuma ni moto."

"Limefunikwa?"

"Mke wangu kalifunika mpaka miguuni."

"Kesho tutakuja," alisema Tumpe. "Mimi na Mama na bisibisi. Wewe utamshika Ipyana."

Baba Gwantwa akalitazama shati lake lililolowa. "Sawa, fundi," alisema. "Nitavaa koti la mvua."

Bibi akakikung'uta kitambaa chake. Akakitazama mbele, akakitazama nyuma. Kisha akajitupia mabegani, akajiangalia kwenye kioo.

"Nimevivisha vitu vya nyumba hii miaka yote," alisema. "Leo zamu yangu."

Usiku ukaingia. Stoo ilisema vururu, vururu, na bati likasema cho, cho, cho. Tumpe akajilaza kitandani kando ya Ipyana, macho mazito.

Ipyana akakunja uso. Akaukunjua. Akatabasamu.
Shwaaa.

Hakuna aliyeshtuka. Mama akanyoosha mkono kwenye lundo la nepi kavu, akachukua moja, akambadilisha. Tumpe hakuona. Alikuwa ameshalala.

Na hadithi yangu imekauka. Nimeikunja vizuri, nimeiweka kabatini. Nanyi lazeni vichwa.