Mafundi Watatu na Ufa Mmoja

Ukuta wa chumba cha mama mkwe wangu ulikuwa na ufa. Ulianzia dirishani ukashuka hadi kichwani mwa kitanda chake. Mwanzoni uliingia ukucha. Mvua zilipoanza, kikaingia kidole.

Mume wangu ni kinyozi. Vichwa anavijua, kuta hazijui, na hilo analikubali. Akasema, "Tuite wataalamu."

Akawaita watatu siku moja, saa ya chakula cha mchana. Mpishi nani? Mimi. Akaja mwashi, akaja seremala, na akaja shemeji yetu Bingwa, fundi redio. Kwa redio, Bingwa hana mpinzani. Shida ni kwamba mtu akisifiwa sana kwa jambo moja, huanza kujibu na yasiyomhusu.

Bingwa aligonga ukuta, akabandika sikio, akafumba macho. "Huu mzima," akasema. "Ni plasta tu."

Mwashi alikuwa na tonge mkononi. Akautazama ufa kwa mbali. "Kama mkubwa alivyosema."

"Wengi wape," akasema seremala, akavuta bakuli la mchuzi.

Mume wangu akafurahi. "Umeona? Wataalamu watatu, jibu moja." Mama mkwe naye akagoma kuhama. Mimi nilikosa raha. Yule mama ndiye aliyenisaidia kulea wanangu wote, na nilimwogopea.

Jioni akapita jirani yetu, muuguzi, kumpima mama presha. Nikamwonyesha ufa.

"Mimi kuta sizijui," akasema. "Ila huyo Bingwa amejenga nyumba ngapi?"

"Hata banda la kuku hajajenga."

"Na wenzake mliwauliza mbele yake?"

"Sinia moja."

Akacheka. "Basi hamkupata majibu matatu, dada. Mlipata moja, likarudiwa mara tatu. Sisi kazini tukitaka maoni ya daktari wa pili, hatumwambii wa kwanza kasema nini. Mwiteni mwashi peke yake. Muulizeni amejuaje. Halafu muulizeni, kama amekosea, mtagunduaje."

"Na chakula?"

"Mpe baadaye."

Kesho yake mwashi alikuja peke yake. Safari hii alizunguka nyuma ya nyumba, akachimbua chini ya ukuta, akarudi na matope hadi magotini.

"Maji ya paa yanamwagikia kwenye msingi," akasema. "Nadhani ukuta unatitia."

"Mbona jana hukusema?" nikamuuliza.

"Mkubwa alishasema. Nami nilikuwa nakula chakula cha watu."

"Sasa una hakika?" akauliza mume wangu.

"Tusiandikie mate na wino upo." Akaziba kipande kidogo cha ufa kwa saruji. "Kiraka hiki kikibaki kizima, Bingwa alisema kweli, nanyi mnicheke. Kikipasuka, ukuta unatembea. Ila mama asisubirie humu. Ahame leo."

Mama mkwe akahamia sebuleni na redio yake, akinung'unika. "Wataalamu watatu walisema nikae."

"Alikuwa mmoja, mama," nikamwambia.

Kiraka kikapasuka. Kabla mwashi hajaanza kazi, ikanyesha mvua kubwa, tukasikia kishindo. Tulipofungua mlango, matofali yalikuwa yamelala pale pale ulipokuwa mto wake. Mume wangu akakaa sakafuni. Mama mkwe alinishika mkono asiuachie. Mimi nililia, wala sioni aibu kusema.

Mwashi akajenga upya kuanzia msingi, akayaelekeza maji mbali na nyumba. Siku ya kumaliza nikapika tena. Bingwa naye hakukosa. Akabandika sikio kwenye ukuta mpya.

"Sasa mzima," akasema.

Mama mkwe akamletea redio yake, iliyokuwa imeanza kukoroma. "Mkwe wangu, hilo sikio lilete huku."

Bingwa akaifungua, na kabla chai haijapoa redio ikawa inaimba. Mwashi akanyoosha shingo, akaanza kutoa maoni yake kuhusu betri.

"Wewe kula," mama mkwe akamwambia.