Daftari la Joto

Kila asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki, binti aliingia chumbani kwa mama yake akiwa na kipimajoto mkononi na daftari kwapani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini saa hiyo alikunja uso kama mtu mwenye ofisi yake.

"Haya, Daktari kaja," Mama alisema, akijiinua kwenye mto. "Leo nina ruhusa ya kushona au nina kesi?"

"Weka kwapani, Mama. Na usiongee."

"Kwani naongea kwa kwapa?"

Binti alicheka, kipimajoto kikalia, naye akaandika namba kwenye daftari. Jina la Daktari alilipata tangu Mama alipoanza kutibiwa saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu Mama alikwenda hospitali kutundikiwa dripu ya dawa. Dripu tano zilikuwa zimepita na tatu zilibaki.

Mama alikuwa fundi cherehani, na hakukubali ugonjwa umfungie kazi, ila hakujidanganya pia. Wiki ya kwanza baada ya dripu, tumbo likiwa limechafuka na vidole vina ganzi, alishona vifungo tu, tena kwa kupumzika. Wiki ya tatu nguvu zilirudi na cherehani ikanguruma tangu asubuhi. Wateja aliwaambia ukweli mlangoni. "Gauni lako nitalikata wiki ya tatu. Nikilikata leo, utakwenda harusini na mkono mmoja." Wateja walicheka, wakasubiri. Binti alimtazama mama yake, kichwa kimefungwa kitambaa na futi ya kupimia inaning'inia shingoni, akaona hakuna mtu shujaa kama yeye mtaa mzima.

Wiki ya pili ndiyo ilikuwa ya kuogopa. Dawa ilipunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, na mafua ya kawaida yangeweza kumlaza Mama hospitali. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na amri mbili, zimebandikwa kwenye kabati. Joto likifika thelathini na nane, ni hospitali mara moja, bila kumeza dawa ya homa kwanza. Na mwenye mafua asikae karibu na Mama. Ahamie kwa mama mdogo, nyumba ya tatu, mpaka apone.

Jumatano ya wiki ya pili, binti aliamka koo linamwasha. Kabla chai haijachemka alikuwa amepiga chafya mbili ndani ya sweta lake la shule. Akisema, atahamishwa. Na akihamishwa, nani atampima Mama? Mama mdogo alifanya kazi kiwanda cha mikate mpaka jioni, na siku moja alikisoma kipimajoto akiwa amekigeuza juu chini.

"Mbona sauti imekwaruza?" Mama aliuliza.

"Usingizi tu, Mama," binti akajibu, na akageuka haraka kuosha vikombe.

Ijumaa aliporudi kutoka shule alimkuta Mama ameketi kando ya cherehani, amejifunika shuka na jua linawaka. Meno yalikuwa yanagongana. Binti alimwekea kipimajoto mwenyewe. Thelathini na nane nukta tatu.

Mama aliitazama namba hiyo. Akachomeka sindano yake kwenye kijimto cha sindano, maana hakuwa mtu wa kuacha sindano ovyo hata siku ya homa. "Haya, Daktari," alisema kwa utulivu. "Lete mfuko."

Mfuko ulining'inia nyuma ya mlango siku zote, na ndani yake kulikuwa na kadi ya matibabu na nguo za kubadilisha. Jirani yao seremala aliwapeleka kwa gari lake la kubebea mbao. Hospitali walionyesha kadi, wakapitishwa bila kupanga foleni. Muuguzi alimtoa Mama damu huku akiuliza maswali na kuandika.

"Nyumbani kuna mwenye mafua au kikohozi?"

"Hakuna," Mama alijibu. "Angekuwa nayo huyu binti yangu, angeniambia. Huyu hanifichi kitu."

Maneno hayo yalimchoma binti kuliko fimbo. Kalamu ya muuguzi ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi. Akinyamaza, hakuna atakayejua.

"Ninayo mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Tangu Jumatano. Nilificha."

Mama alifumba macho. Muuguzi hakugomba. Alimpa binti barakoa, akamsogeza benchi la mlangoni. "Umechelewa, lakini umesema," alimwambia. "Sasa tunajua tupime nini. Na hatutamlaza pamoja na wagonjwa wenzake wasio na kinga. Umewaokoa na hao pia."

Mama alianzishiwa dawa jioni ileile. Binti alilala kwa mama mdogo, akila bila hamu na kuuliza habari kila dakika. Siku ya tatu simu ikalia.

"Daktari," ilikuwa sauti ya Mama, nyembamba lakini yenye utani, "thelathini na sita nukta nane. Andika."

Wiki ya tatu walikutana tena nyumbani, wote wawili wazima. Binti alisimama mbele ya cherehani akiangalia sakafu. "Nisamehe, Mama. Niliona nikiondoka utabaki peke yako."

"Najua, mwanangu. Sikiliza." Mama alimvuta karibu. "Dripu naiweza. Ganzi naiweza. Hata upara huu nauweza. Naweza kwa sababu kila asubuhi najua hali yangu ilivyo, nami napanga siku yangu kuanzia hapo. Ukinificha, hata kwa mapenzi, unaninyima nafasi ya kujikinga. Hata vipimo havikuonyesha kama homa ililetwa na mafua yako, na mimi sikulaumu kwa kuugua. Kuugua si kosa, kuficha ndiyo kosa. Lakini ulisema ukweli mbele yangu, wakati ungeweza kunyamaza. Siku ile nilikuwa na homa, na bado nilijivunia wewe."

Kisha akachukua daftari, akaweka rula ya kukatia nguo katikati ya ukurasa na kupiga mstari. Upande mmoja aliandika Mama. Upande wa pili aliandika Daktari.

Asubuhi iliyofuata Mama alijipima, akafuta kipimajoto kwa spiriti, akamnyooshea binti yake.

"Weka kwapani. Na usiongee."

"Kwani naongea kwa kwapa?" Wote wakacheka. Halafu binti akasita kidogo. "Mama, jana jioni nilipiga chafya moja. Labda ni vumbi la chaki."

"Labda," Mama alisema, akimpa barakoa na kalamu pamoja. "Andika."