Barua Pepe ya Sare Mpya

Asubuhi za likizo, Chiriku alishinda dukani kwa mama yake, fundi cherehani, akifagia vipande vya vitambaa na kupanga vifungo. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku hizi hata yeye alikuwa amepunguza maneno. Shule zilikaribia kufunguliwa, lakini wateja hawakuonekana; duka la ng'ambo ya barabara liliuza sare zilizoshonwa tayari.

"Mama, tuwatangazie watu," alisema.

"Tangaza basi, mwanangu," mama alijibu bila kuinua macho, akidhani anazungumzia bango la mlangoni.

Chiriku akafungua kompyuta. Humo mlikuwa na anwani za barua pepe walizoacha wateja ili waarifiwe nguo zao zikiwa tayari. Hakumuuliza yeyote. Aliwaandikia wote: "Mwanao amekua! Mlete ashonewe sare mpya." Kisha akarudi kwenye vifungo vyake, roho kwatu.

Kesho yake akaja muuguzi wa zahanati, mteja wao wa zamani. Alisimama mlangoni, simu mkononi.

"Dada, mwanangu nilimzika mwaka huu," alimwambia mama. "Ile sare uliyomshonea hakuivaa. Nani aliwaruhusu kuniandikia haya?"

Cherehani ilinyamaza. Chiriku aliweka ufagio chini, akamsogelea muuguzi.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Muuguzi alitia simu mkobani. "Nimekusikia. Ifuteni tu anwani yangu." Akaenda zake. Afadhali angegomba.

Jioni walimfuta. Waliwaandikia wateja wengine kuwaomba radhi na kuwauliza kama wangependa kupokea matangazo. Baada ya wiki nzima walikuwa wamejibu wawili tu, na mmoja wao alikataa.

"Na hawa walionyamaza?" Chiriku aliuliza.

"Aliyenyamaza hajakubali. Walitupa anwani ili tuwaambie nguo ziko tayari, basi. Ambao walishachukua nguo zao, wafute."

Chiriku akawafuta wote hao. Duka lilikuwa kimya, na kule ng'ambo watu walipanga foleni.

"Mama, ile barua ya muuguzi siwezi kuirudisha?"

Mama alimshika bega. Chiriku alikuwa analia.

"Hairudi, mwanangu. Alishaisoma. Ndiyo maana mtu huombwa ruhusa kwanza."