Hirizi Chini ya Shakwe

Aliyenieleza habari hii kwanza ni wifi yangu Rkiya, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuja kwangu Jumatatu mchana, tukakaa chini kumenya maharage mabichi, mwanangu amelala kwenye mto katikati yetu. Nilikuwa nimetimiza arobaini ya uzazi wiki ileile. Rkiya si mtu wa kupamba maneno, na siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa ndani ya mashua. Ninaandika kama alivyosema.

Ilikuwa mwezi wa nne, miaka minne iliyopita. Mume wake, Allal, huchukua wageni kwa mashua kwenda kuangalia ndege kwenye ziwa letu la chumvi, linalojazwa na bahari. Huondoka nao asubuhi maji yakijaa na kuwarudisha kabla hayajapwa. Yakipwa linabaki tope tupu, na mtu akilikanyaga huzama mpaka kiunoni. Siku hiyo mgeni alikuwa mmoja, mwalimu wa sayansi kutoka mji wa Meknes, jina lake Bwana Lahlimi, darubini shingoni na kofia pana ya ukindu. Rkiya alikwenda kwa ajili ya chakula: mkate, zeituni, samaki wa kukaanga na birika la chai ya mnanaa.

Walipokuwa wanapakia, akaja Tamo.

Tamo ni jirani yetu. Mume wake, Kasem, alipotea baharini pamoja na wenzake watatu, na hakikuonekana hata kiatu. Wakati huo Tamo alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Hakutaka mtoto azaliwe Kasem hajarudi, kwa hiyo akaenda kwa Lalla Ghanu, yaani Bi Ghanu, mwanamke mzee aliyejua kulaza watoto. Kwetu jambo hili linajulikana. Mtoto hulazwa tumboni kwa hirizi, tumbo hushuka, mama huendelea na kazi zake, na siku akimtaka humwamsha kwa kuifungua hirizi hiyo. Zahanati walimwambia Tamo hakuna kitu. Tamo akawajibu kwamba mtoto amelala. Lalla Ghanu aliificha ile hirizi mahali pakavu pasipofika mguu wa mtu, akamwelekeza Tamo peke yake, kisha akafa. Ikapita miaka sita.

Allal alipomwona alicheka.

"Leo jua limetoka upande gani? Lalla Tamo anataka kutembea!"

"Nataka kuona ndege."

"Ndege gani? Kwenye paa lako wamejaa, na hawakutozi nauli."

"Acha maneno, Allal," Rkiya akamwambia. "Mpishe akae."

Tamo akakaa karibu na Rkiya, akamwinamia sikioni.

"Nimeacha kumngoja Kasem. Basi angalau nipate mtoto wangu."

Hapo Rkiya akajua hirizi iko huko kwenye ndege.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, walikuwa wamesimama mbali kama nguo za harusi zilizoanikwa. Bwana Lahlimi alitaja kila ndege kwa jina na kuandika daftarini. Allal akamwambia kwamba anamjua mmoja tu, yule anayemnyea kichwani kila mwaka. Wakacheka. Wakala samaki. Tamo hakula.

Karibu na saa sita wakafika kwenye kisiwa cha shakwe. Ni kisiwa kidogo cha mchanga na majani ya chumvi, na msimu wa mayai hakuna anayeshuka pale.

"Mwisho wetu ni hapa," Bwana Lahlimi akasema. "Tukishuka tutakanyaga viota."

Tamo alikuwa ameshatia miguu majini.

"Dada! Dada, rudi!"

Hakugeuka. Shakwe waliruka wote kwa pamoja, wanapiga kelele mpaka Rkiya akaziba masikio. Tamo alitembea katikati ya viota kama mtu anayevuka ua wa nyumba yake. Akafika kwenye jiwe moja, akalinyanyua. Hapakuwa na kitu chini yake. Akatazama huku na huku.

Pembeni ya lile jiwe kulikuwa na shakwe mmoja ambaye hakuruka.

Tamo akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya tumbo la yule ndege. Ndege hakumdonoa. Alimwacha tu. Mkono ulipotoka ulikuwa umeshika kifuko cha ngozi kilichoshonwa, kikubwa kama yai.

Kelele zikakatika.

Shakwe wakatua, mmoja mmoja, bila sauti. Tamo akarudi, akapanda mashuani, akamwekea Rkiya kile kifuko kiganjani.

Kilikuwa cha moto.

"Kirudishe," Rkiya akanong'ona. "Tamo, kilitakiwa kiwe baridi. Huyu ndege amekiatamia."

"Ni changu."

"Miaka sita, Tamo. Hujui kilichomo."

"Ni changu."

Bwana Lahlimi alikuwa ameshika darubini, haiteremshi. Alizungumza polepole.

"Ndege akitua hukabili upepo. Siku zote. Manyoya yasije yakafumuka."

"Na hawa?" Allal akauliza.

"Upepo uko nyuma yao."

Rkiya akatazama. Manyoya yalikuwa yamesimama migongoni mwao. Wote, mamia kwa mamia, walikuwa wameitazama mashua.

Allal akawasha injini bila kuambiwa.

Njiani Tamo alifumua ule mshono kwa meno. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Akaichovya kwenye maji ya kunywa, akaitandaza juani kwenye goti, kama alivyofundishwa na Lalla Ghanu. Karatasi ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na hata herufi moja.



Kisha Tamo akasema, "Amegeuka."

Akauchukua mkono wa Rkiya, akauweka tumboni. Tumbo lilikuwa bapa. Rkiya amezaa watano, anajua mtoto anavyopiga teke. Hili halikuwa teke. Kitu kilikuwa kinagonga kutoka ndani, mahali pamoja. Kinagonga. Kinatulia. Kinagonga tena. Kitu kigumu, chenye ncha.

Akautoa mkono. Tamo alikuwa anatabasamu.

Walifika alasiri, maji yanapwa upesi nyuma yao na tope linajitokeza. Bwana Lahlimi akashuka, akaondoka bila kuaga, na daftari lake akaliacha mashuani. Rkiya akamfikisha Tamo nyumbani, akamlaza kwenye godoro lake, akakimbia kumwita mkunga, nyumba ya nne kutoka pale. Hakukaa. Anasema maji aliyoyabandika jikoni yalikuwa hayajachemka aliporudi.

Mlango ulikuwa wazi.

Tamo alikuwa palepale godoroni. Damu haikuwepo. Kifua kilikuwa kimelowa maziwa. Nyayo za maji zilianzia godoroni, zikapita sakafuni, zikatoka mlangoni. Nyayo za mtoto. Vidole vyote vilionekana. Mkunga akapima moja kwa kiganja.

"Huyu ana miaka sita," akasema.

Wakazifuata mpaka ukingoni. Zilikuwa zimeendelea juu ya tope, mbali, kuelekea kule kisiwani. Pale mtu huzama mpaka kiunoni. Zenyewe hazikuwa zimezama hata kidogo.

Waliporudi, Tamo aliuliza jambo moja tu.

"Mmemshika?"

Siku ya saba hapakuchinjwa kondoo. Ungemchinjia nani? Mtoto hakupewa jina, na mpaka leo Tamo hana neno la kumwitia.

Lakini anakuja. Kila mwaka, shakwe wakianza kutaga, asubuhi moja hukutwa nyayo za tope mlangoni kwa Tamo. Zinafika kizingitini, zinasimama zimeuelekea mlango, basi. Hazigeuki kurudi. Mlango wake huachwa wazi usiku na mchana, lakini hazijawahi kuingia. Kila mwaka zinakuwa kubwa kidogo. Tamo huweka mguu wake kando ya zile nyayo na kupima. Hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka anayokula mpaka akashiba. Rkiya anasema siku nyingine zote anaishi kwa ajili ya hiyo moja.

"Na mwaka huu?" nikauliza.

Rkiya akaacha kumenya.

"Mwaka huu shakwe wanataga wiki ya tatu sasa. Hajaja."

Akamtazama mwanangu kwenye mto. Akatazama kifua changu. Maziwa yalikuwa yamepenya kwenye nguo, nikaona haya, nikavuta mtandio.

"Ufunge mlango wako mapema," akasema. "Na nepi usianike nje."

Nepi zilikuwa kwenye kamba tangu asubuhi.

Usiku nililala vizuri. Sijui kwa nini, lakini nililala. Alfajiri nikafungua mlango nitoe maji machafu, nikaziona. Zilitoka upande wa ziwa, zikapita mlango wa Tamo bila kusimama, zikaja mpaka kwangu. Zilikuwa za mtoto wa miaka kumi. Vidole viligusa kizingiti. Tope lilikuwa bado bichi.

Sikulia, wala sikumwamsha mume wangu. Nikachukua ufagio. Nikazifagia zote, kuanzia kwangu mpaka ng'ambo ya mlango wa Tamo, nikamwaga maji mara tatu. Nikaondoa nepi kwenye kamba.

Nilipomaliza, Tamo alitoka. Alikikagua kizingiti chake akiwa ameinama, kama alivyofanya asubuhi zote za wiki zile tatu. Kisha akanitazama mimi, na ua wangu uliolowa.

"Umeona kitu, mwanangu?"

"Sijaona, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani. Mlango wake akauacha wazi. Wangu nikaufunga kwa komeo, nikakaa kitandani, nikamnyonyesha mtoto.