Jina Mlangoni Kapata

Sauti aliijua kabla ya kuuona uso. Luteni Nkulu alikuwa amesimama katikati ya soko la Manika, mjini Kolwezi, kofia ya kijeshi ameibana kwapani, akitafuta betri za redio, aliposikia nyuma yake mwanamke akibishana na muuza samaki wakavu.

"Mama, hii samaki ilitoka Bukama kwa miguu? Mbona imekonda vile?"

Wachuuzi wakaangua kicheko. Nkulu akageuka. Mwanamke alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano na blauzi nyeupe iliyombana kiunoni. Uso ule hakuwahi kuuona. Lakini sauti ile aliisikia kila alipoinua simu kambini kuomba aunganishwe na Lubumbashi. Ndiye opereta wa kituo cha simu cha kampuni ya migodi, yule ambaye maofisa wote walimzungumzia na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

"Ngojea ku laini, usikate," Nkulu akasema, akiiga maneno yake ya kila siku.

Mwanamke akashusha samaki taratibu, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Kambi ya jeshi," akasema. "Luteni Nkulu. Ule hasemi asante."

"Nilikuwa nasema, lakini weye unakata mbio."

"Basi leo sikate. Sema."

"Asante, mama."

"Haya. Sasa unibebee hii kitunga ya samaki, tuone kama ile asante ni ya kweli."

Ndivyo walivyoanza. Jina lake Tshibola, binti wa mzee aliyeitwa tata Tshiamala, wa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, fundi wa karakana ya mgodi aliyefika Kolwezi akiwa mgongoni mwa mama yake, siku zile baba yake alipoletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba. Tshibola mwenyewe alizaliwa Kapata, akasoma huko, na Kasai hakuwahi kuikanyaga. Nkulu alikuwa Muluba wa kaskazini ya Katanga. Wakati ule jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu. Tshibola alimwambia kwamba watu wa kwao Nkulu hula bukari, ule ugali wao, kama wanakimbizwa, naye Nkulu akajibu kwamba Wakasai huongea hata ndani ya maji. Posa ilipopelekwa, tata Tshiamala aliipokea akiwa kwenye ukumbi wa nyumba yake ya kampuni, akamwambia kijana bila kutabasamu: "Mutoto yangu hazoee kulia. Usimufundishe."

Kabla harusi haijapangwa, amri ikaja. Nkulu alitumwa Maroko, katika chuo cha kijeshi cha Meknes, awasimamie vijana wa Zaire waliokuwa wakisomea uofisa.

Kazi ile ilikuwa na heshima, na upweke wake pia. Alfajiri baragumu ililia, naye alikuwa ameshapiga pasi gwanda na kupita kwenye bweni la vijana wake, akikagua vitanda, akivuta shuka kwa vidole viwili, akimkaripia huyu kwa kifungo na yule kwa ndevu. Kwenye gwaride alisimama pembeni ya mstari wao. Asubuhi alifundisha kusoma ramani. Vilima vilivyochorwa vilikuwa vya nchi ya wenyewe, lakini mkono wake ukizembea ulichora mlima wa udongo wa mgodi ulio nyuma ya Kapata. Mchana alikula supu ya dengu na mkate wa mviringo mezani pa maofisa wa Kimaroko, wakimuuliza kwa adabu habari za kwao, naye akijibu kwa adabu kwamba ni njema. Maofisa wenye wake waliruhusiwa kupanga mjini. Yeye alikuwa na chumba kimoja, dirisha linalotazama ukuta.

Siku yake ilikuwa Jumapili. Alishuka mjini kwenye duka la simu, akajaza sarafu mkononi, akapiga Kolwezi, ambako Tshibola alikuwa ameomba zamu ya Jumapili makusudi.

"Alo, Kolwezi. Unaomba nani?"

"Minakuomba weye."

"Ule hana nafasi. Kuko bantu bengi banangojea laini."

"Mwambie ni bwana yake."

"Bwana yake gani? Ule wa Maroko mwenye kuoa tayari mwarabu?"

"Sheri, mpenzi wangu, unione huruma, sarafu zinaisha."

"Basi acha kuongea mingi. Sema ile neno moja, nisikie, nirudie ku kazi."

Alilisema, na msichana wa duka aliyekuwa hajui Kiswahili alitabasamu kana kwamba ameelewa.

Kisha kicheko cha Tshibola kikaanza kupungua. Kwanza alimweleza kwamba redioni wanahubiri Katanga ni ya Wakatanga. Halafu kwamba jirani waliyekula naye Krismasi ameacha kumsalimia mama yake. Nkulu alikuwa akirudi chuoni, anakagua vitanda asivione. Jumapili moja sauti ya Tshibola ilikuwa chini, kama ya mtu anayesikilizwa.

"Mu soko banatuita bilulu, Nkulu. Wadudu. Vijana banapita na fimbo, banasema bilulu birudi kwao. Baba anauliza, kwao ni wapi?"

"Vumilia, mama. Ni siasa ile. Itapita."

Laini ikakwaruza.

"Itapita na siye ndani?" Tshibola akasema. "Weye uko mbali, unakula vizuri, unaniambia itapita. Ungesema hata unaogopa, ningefurahi."

Akakata. Tangu wachumbiane hakuwahi kumkatia.

Wiki nzima Nkulu alijilaumu kwa neno lile. Aliogopa, ndiyo, usiku alilala macho wazi. Lakini tangu utoto alifundishwa kwamba mwanaume akiogopa humwambia mwanamke wake asiogope. Jumapili iliyofuata alifika kabla duka halijafunguliwa.

"Alo, Kolwezi," ikasema sauti nyingine, nyembamba, isiyojua kazi.

"Niko naomba Tshibola."

"Hakuna tena. Miye ni Mignonne. Ba Kasai bote banatolewa ku kazi."

"Banaenda wapi?"

"Beko ku gare, tata. Banangojea treni. Beko bengi, banalala inje." Kisha akaongeza haraka, kama anayeomba radhi: "Miye baliniita tu kukamata nafasi."

Nkulu akamwomba amuunganishe na ghala ambako kaka yake, Stanislas, alikuwa karani. Stanislas alikuja kwenye simu akiwa amechangamka.

"Mudogo! Usiwe na wasiwasi. Nyumba ya bakwe yako niko nayo. Nilikamata mbele bengine hawajaingia."

"Uliikamata namna gani?"

"Vijana balikuja kubatosha inje. Minaona, wakitoka tu, nyumba inaenda. Nikaandika jina yako ku mulango na makala ya kupikia, herufi kubwa: LUTENI NKULU. Hakuna muntu aligusa. Ukirudia utanishukuru."

Nkulu akatumbukiza sarafu ya mwisho.

"Na Tshibola aliona?"

"Aliona. Alikuwa juu ya lori na bazazi yake. Aliangalia tu, hakusema kitu."

Mkuu wa chuo, mtu mkavu mwenye mvi, alimsikiliza amesimama. "Kwenu kuna vita?" akauliza. "Si vita, komanda," Nkulu akajibu. "Watu wanafukuzwa makwao, na mchumba wangu ni mmoja wao." Mkuu akatazama nje, kisha akampa likizo fupi, akimwonya kwamba akichelewa ataandikwa mtoro na hakuna atakayemtetea. Nkulu akauza redio na saa ya mkononi. Akapanda ndege hadi Kinshasa, akabembeleza nafasi kwenye ndege ya mizigo kwenda Lubumbashi, na kutoka huko akaingia Kolwezi kwa lori la unga, mavumbi yamemgeuza mzee.

Alikwenda kwanza stesheni. Alidhani amejiandaa, lakini hakuwa amejiandaa. Kuanzia kwenye reli hadi ukuta wa shule jirani ilikuwa maturubai, vitanda, cherehani, masufuria, mabati yaliyong'olewa, na watu. Mvua ya Machi ilikuwa imegeuza ardhi kuwa uji. Moshi na harufu ya choo viliziba koo. Waliomwona na gwanda waliwavuta watoto karibu. Alipita akiita jina, hata akamwona: kitenge kile cha kijani, sasa kimefifia, amechuchumaa akipuliza moto wa makaa. Kando yake mama yake, na tata Tshiamala amelala juu ya gunia lililolowa, akikohoa kwa mwili mzima.

"Tshibola."

Hakuinuka. "Umekuja kuchukua na masufuria?"

"Mi sikujua. Ni Stanislas."

"Nilisoma jina yako ku mulango ya baba yangu. Lori ilikuwa inatembea, nikageuza shingo nisome tena, sababu nilifikiri nilisoma mubaya." Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti kubadilika. "Uliniambia itapita. Kumbe ulijua nani atapita."

"Nilikuwa naogopa. Njo maana nilisema vile. Kila siku nilikuwa naogopa, Tshibola, na nilikuwa na haya ya kukuambia."

"Enda," tata Tshiamala akasema kutoka chini, macho yamefumba. "Enda, mutoto. Hapa ni pa bilulu."

Nkulu akaondoka. Hakusimama hadi Kapata. Jina lake lilikuwa pale kweli, herufi nyeusi zenye upana wa kiganja. Stanislas akatoka amefungua mikono kumkumbatia. Mezani nyuma yake mkewe alikuwa anapakua bukari kwenye sahani za mama Tshibola.

"Toka mu nyumba ya bantu, yaya," Nkulu akamwambia kaka yake.

"Nitoke kusudi aingie nani? Nikitoka leo, kesho kuko mwingine. Unafikiri batarudia?"

Ilikuwa kweli. Nyumba ile Nkulu hakuweza kuiokoa. Akachomoa kisu chake, akapiga goti, akaanza kulegeza misumari ya bawaba. Stanislas akamshika bega, akasukumwa, akaanza kupiga kelele kwamba mdogo wake amerogwa na mwanamke wa Kasai. Majirani wakatoka. Mlango ukang'oka. Nkulu akaupakia kwenye mkokoteni wa kukodi, akausindikiza kwa miguu, na njiani vijana wenye fimbo wakamzomea: "Luteni, unapelekea bilulu mulango? Weye muntu ya wapi?" Mmoja akarusha jiwe, likampata mgongoni. Hakugeuka.

Alipofika stesheni aliulaza mlango chini, kando ya gunia, jina likiwa juu.

"Nyumba nimeshindwa," akamwambia Tshibola. "Hii tu njo niliweza."

Tshibola aliutazama mlango, akamtazama yeye, jasho na tope hadi magotini, damu imepenya kwenye gwanda. Akalowesha ncha ya kitenge katika maji ya sufuria, akapiga magoti, akaanza kusugua. Alisugua cheo kwanza, kisha jina, herufi moja moja, akilia sasa kwa sauti. Nkulu akapiga magoti upande wa pili, akasugua naye kwa mkono mtupu. Mbao zilipobaki safi, wakamwinua mzee, wakamlaza juu yake, pakavu.

"Unanuka kama punda," Tshibola akamwambia, akijifuta pua.

"Na weye moshi."

"Nyamaza." Akaegemeza paji la uso begani kwake, wala hakuliondoa.

Treni ilikuja baada ya siku nyingine za kungoja, mabehewa ya mizigo yaliyo wazi. Mlango wakamwachia mama mmoja aliyejifungua palepale chini ya turubai. Tshibola akamsukuma Nkulu kifuani.

"Likizo yako inaisha. Rudia ku kazi, batakufunga."

"Kule mbele banatupia treni mawe ku kila gare. Bakiona gwanda, pengine bataogopa."

"Na wasipoogopa?"

"Basi tutaogopa pamoja."

Akapanda. Safari ile hakupenda kuisimulia baadaye. Alisimama ukingoni mwa behewa, kofia kichwani, katika kila stesheni, akiwatazama usoni wenye mawe. Baadhi walishusha mikono, wengine hawakushusha. Mtoto wa behewa la pili alikufa kwa kiu, akazikwa kando ya reli. Tshibola alikuwa akimshika Nkulu mkanda kwa nyuma asianguke, na siku likizo ilipokwisha hakuna kati yao aliyeitaja.

Mwene-Ditu, huko Kasai, walifika asubuhi, jua jeupe, umati uliozidi ule wa Kolwezi. Watu walizungumza Tshiluba ambacho Tshibola alikielewa nusu. Nkulu ilimpasa atafute ndege Mbuji-Mayi siku hiyohiyo. Adhabu ilikuwa ikimngoja, na huenda cheo kingepungua. Akamvuta Tshibola pembeni ya tangi la maji.

"Nioe," Tshibola akasema kabla yake, "lakini ujue, Kolwezi sirudie. Hata kuzikwa."

"Mi niko na chumba kimoja, dirisha inaangalia ukuta."

"Tutaangalia ukuta."

"Na baba?"

Wakamgeukia. Tata Tshiamala alikuwa ameketi na mkewe juu ya sanduku, akiitazama nchi aliyoondoka akiwa mchanga, isiyomkumbuka. Nkulu akachuchumaa mbele yake, akapiga makofi ya heshima, akasema alichokuja kusema, akisita, akirudia.

"Huko Maroko," mzee akauliza, "baridi iko?"

"Iko, tata. Saa ingine iko mingi."

Tata Tshiamala akakohoa, akamtazama binti yake, kisha akamtazama yule Mkatanga mchafu aliyechuchumaa mbele yake.

"Huyu mutoto yangu anaugua kifua sawa na miye," akamwambia. "Umutafutie koti."