Rafu ya Juu ya Fundi Chukua

Haya ni kweli tupu, toka mwanzo hadi mwisho. Nikikamatwa na chembe ya uongo, nivuliwe hili koti la sufu nililopewa siku ya kustaafu.

Palikuwa na fundi cherehani sokoni, mtaa mzima ukimwita Chukua, maana hilo ndilo neno lililokaa ulimini mwake. Ukisifu shati lake, chukua. Ukikitazama kiti chake mara mbili, chukua. Siku moja mvua ilishuka kama mtu kamwaga pipa, watu wakajibana chini ya bati lake, na katikati ya msongamano akatokea muuguzi wa wodi ya watoto, sare nyeupe imemganda, viatu mkononi. Fundi akasahau mguu kwenye cherehani, mshono ukapita hadi nje ya kitambaa.

"Chukua mwavuli, dada."

"Wako?"

"Wa mteja."

"Makubwa! Na mwenyewe akija?"

"Nitampa koti langu la mvua."

"Liko wapi?"

"Nililitoa jana."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake alirudisha mwavuli. Keshokutwa akaja bila cha kurudisha.

Mapenzi yakanoga, ila kila alipokuja duka lilikuwa limepungua kitu.

"Mpenzi," alimwambia, "kitambaa hukikati bila kukipima. Mbona kutoa kwako hakupimwi?"

Wakapanga. Rafu ya juu iwe ya kutoa: vitambaa vya huko vishonwe magauni ya wagonjwa wadogo wodini. Rafu ikiisha, imeisha hadi mwezi ujao. Anayetaka cha chini yake aambiwe hapana.

"Sema nikusikie."

"Ha..."

"Malizia, baba."

"Ha... ya."

Chini ya rafu hiyo, kwenye msumari, fundi alitundika gauni la kijani, mikono ya lesi, alilomshonea mpenzi wake kwa siku ya kumtambulisha kwa wazazi. Akaingia binti analia: harusi ni kesho, gauni lake limeungua kwa pasi. Fundi alitazama dari. Aliuma ulimi. Ulimi ukaponyoka.

"Chukua."

Kesho yake simu ikalia.

"Nani yule kavaa gauni langu, anapigwa picha bustanini?"

"Bibi harusi, laazizi. Simjui hata jina."

"Humjui?"

"Naapa!"

"Bora ungemjua. Mwanamke mmoja ningepambana naye. Mimi mpinzani wangu ni kila anayepita njiani. Siku mtu akija kuniomba mimi, utamwambiaje?"

Fundi akaanza kukunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. Simu ikakatwa.

Alipiga, haikupokelewa. Alishona suruali ya mtu miguu ikafungana. Alipeleka wodini magauni ya rafu ya juu, kama walivyopanga. Yakapokelewa na mlinzi getini. Hakuwa na la kufanya ila kukaa na kutazama ule msumari mtupu.

Ndipo akaingia dereva wa gari la wagonjwa, kanyoa, kajipulizia manukato hadi nzi wamehama.

"Nishonee suti, fundi. Nakwenda kumchumbia yule muuguzi. Si mmeachana? Na wewe si mtu wa kukataa. Niachie, ndugu yangu."

Midomo ya fundi ikaanza kujikunja kwenye neno lake la siku zote. Jasho likamtoka. Akashika meza kwa mikono miwili, na likatoka jingine, kwa kishindo hata kioo cha mlango kikapasuka:

"HAPANA!"

"Lakini fundi..."

"Hapana! Hapana kabisa!"

Dereva mwenyewe ndiye aliyeipeleka habari wodini, akilalamika. Jioni simu ikalia.

"Eti umesema nini?"

"Hapana."

"Rudia, mpenzi."

"Hapana."

"Na mimi nikikuomba wewe, uwe mume wangu?"

Fundi akafuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Chukua."

Nilipomaliza kuwasomea wenyewe hadithi hii, pale pale dukani, bibi fundi, yule muuguzi, alinikazia macho.

"Mzee, kioo kilipasuka kwa kishindo?"

"Kabisa, mwanangu."

"Si kwa kiwiko chako, ulipokuwa ukichungulia?"

Nikamgeukia fundi, mtu mpole, mtu wa huruma. "Mwanangu, na baridi hii, niachie koti langu."

"Hapana," akasema, akichukua mkasi.

Sasa liko rafu ya juu. Mikono imeshakwenda wodini.