Neno Nililoliogopa

Kila siku nilipotoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia nyuzi na vipande vya kitambaa chini ya cherehani ya mama. Ya pili ilikuwa kufungua kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya meza ya kukatia, nikamsomea mama baruapepe za wateja huku akiendelea kushona. Shangazi, aliyekuwa akitia vifungo pembeni, alinibandika jina la Mtaalamu. Kwake lilikuwa utani tu, lakini mimi lilinikaa kichwani. Mteja alipoingia nilijinyoosha kwenye kiti ili anione.

Siku moja sanduku letu la baruapepe liligoma kufunguka tangu asubuhi hadi jioni. Vipimo vya wateja wote vilikuwa humo, maana daftari la zamani lilikuwa limeliwa na panya. Lilipofunguka hatimaye, mama alisimamisha cherehani.

"Leo limerudi. Siku likigoma moja kwa moja, tutahamia wapi?" aliuliza. "Tafuta kampuni nyingine ya baruapepe, tufungue sanduku la akiba. Vipimo vikae huku na huku."

"Hilo dogo, mama," nikajibu.

Kesho yake nilimwuliza mwalimu wa kompyuta. Aliniandikia maswali matatu kwenye karatasi. Je, ni kampuni tofauti kabisa, au ni ileile iliyobadilisha jina? Nikipoteza nenosiri, nitaingiaje tena? Nikitaka kuhama, naweza kuondoka na barua zangu zote? "Jibu hayo kwanza, ndipo uchague," alisema. "Ukikwama, njoo."

Nilikwama siku hiyohiyo. Kampuni nilizoziona zilikuwa tatu, kila moja ikijisifu kuliko mwenzake, na jibu la swali la mwisho sikuliona popote. Kumrudia mwalimu niliona haya. Wiki ileile nilikuwa nimejigamba darasani kwamba mambo ya baruapepe nayafanya nikiwa nimefumba macho. Nikaikunja ile karatasi nikaitumbukiza chini kabisa ya mkoba.

Jioni mama akauliza, "Mtaalamu, lile sanduku la akiba vipi?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, bado. Lilifika kooni likakataa kutoka. "Tayari," nikasema.

Baada ya wiki mbili tulipata kazi kubwa kuliko zote, sare za kwaya ya watu thelathini na wawili. Mama na shangazi waliwapima kutwa nzima, mimi nikaandika vipimo kwenye sanduku letu la baruapepe. "Umeweka kote kuwili?" mama aliuliza. "Tayari," nikajibu, na safari hii hata sikubabaika. Nikikumbuka hilo hadi leo uso unanichoma.

Asubuhi ya Jumamosi ya kukata vitambaa, nilifungua kompyuta nikakuta sentensi moja: huduma hii imefungwa. Nikajaribu tena, na tena. Sikuona sanduku wala barua, na vipimo vilikuwa vimepotea. Wakati huohuo kiongozi wa kwaya, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito, aliingia kuangalia kazi inavyoanza.

"Mtandao unasumbua," nilimwambia mama.

Mama hakushtuka hata kidogo. Alimgeukia mgeni, akatabasamu. "Usiwe na wasiwasi, dada. Hata lile sanduku likifa, binti yangu ameshafungua jingine kwenye kampuni nyingine. Vipimo vyenu vyote vipo. Huyu akisema tayari, mimi silali nikiwaza."

Afadhali angenichapa. Nilitamani ardhi ipasuke niingie na kompyuta yangu. Shangazi aliinua macho kutoka kwenye vifungo, akanitazama, na nadhani alijua kabla sijafungua mdomo.

"Mama," nikasema, "bado."

"Bado nini?"

"Sanduku la akiba. Sikulifungua. Nilikudanganya mara mbili. Nilishindwa kuchagua, nikaona haya kuuliza."

Mama aliuweka mkasi mezani polepole. Hakunigombeza. Alimwambia mgeni, "Dada, nisamehe. Nimekuahidi kitu nisichokuwa nacho." Kumsikia mama akiomba radhi kwa kosa langu kuliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kufanyiwa.

Kiongozi wa kwaya alishusha pumzi. "Onyesho letu ni wiki mbili zijazo. Jioni hii tuna mazoezi. Njooni mpime upya, lakini huyu bibi mdogo ndiye atakayewaeleza watu sababu."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama na futi ya kupimia shingoni mbele ya watu thelathini na wawili. Kila aliyefika alisema, "Mimi si nilishapimwa?" na kila mmoja nikamjibu, "Ulipimwa. Mimi ndiye niliyevipoteza vipimo vyako. Samahani." Mzee mmoja wa sauti ya chini alicheka akasema ni heri, maana tangu siku ile tumbo limeongezeka. Wengine hawakucheka. Nilipomaliza, sauti ilikuwa imenikauka.

Jumatatu nilimpelekea mwalimu ile karatasi iliyokunjamana. Hakunicheka. Tulikaa naye tukajibu maswali yote matatu, kumbe kazi ya nusu saa. Tulichagua kampuni mbili zisizohusiana, moja ya kutumia na moja ya akiba, tukatuma barua ya majaribio huku na huku. Nenosiri la kila moja tuliliandika kwenye karatasi, mama akaifungia kabatini pamoja na vyeti vyetu.

Sare zilimalizika siku moja tu kabla ya onyesho, baada ya mama na shangazi kushona bila kuinua kichwa. Siku hiyo, tukiwa tunazikunja, mama alinishika bega.

"Kwamba sanduku linaweza kufa nilitarajia, mwanangu, ndiyo maana nikataka akiba," alisema. "Lakini kwa neno lako sikuweka akiba. Nililiegemea lenyewe. Ukiniambia bado, nakusaidia. Ukiniambia tayari ya uongo, unaniacha nianguke mbele za watu. Kutojua si aibu. Aibu ni kuficha."

Shangazi alinirushia shati nilikunje, na hakuniita Mtaalamu.

Juzi mama aliuliza, "Vipimo vya wale wanafunzi waliokuja jana kupimwa sare, umeviweka kote kuwili?"

Uso ulinichoma vilevile kama zamani. "Bado, mama."

"Haya," akasema, akavuta kigoda chake karibu na changu. "Sogea tuviweke."